Nesi wa Alhamisi na Mama Aliyenyamaza

Wanangu mnaoingia kazi ya ukalimani katika kliniki za Johannesburg, nianze na jambo ambalo hamtalipata kwenye semina yoyote. Ukimtafuta nesi wa magonjwa ya akili, usianzie dawatini. Dawatini kuna foleni, na foleni ina masikio. Ukiuliza pale kwa sauti, "Samahani, nesi wa wagonjwa wa akili anakaa wapi?", mgonjwa wako atageuza njia arudi kwake, na kumrudisha tena ni kazi ya mwezi mzima. Nenda kwanza getini, kwa bibi anayeuza magwinya, yale maandazi makubwa ya huku. Nunua moja, lisifie hata kama limelewa mafuta, kisha uliza taratibu. Yeye anakaa pale kutwa. Anajua nani hushuka kwenye gari gani na siku gani. Ndivyo mimi nilivyompata Sista Thandeka, na mpaka leo nikimaliza kuwaombea wazazi wangu dua namwombea na yeye.

Huku nesi mwenye cheo huitwa Sista, hata kama ana wajukuu. Sista Thandeka alikuwa amesomea magonjwa ya akili, na kwa kuwa watu wa aina yake ni wachache, aligawanywa kama nyama ya sadaka: leo kliniki hii, kesho ile. Kwetu, kliniki ya serikali isiyo mbali na Jules Street, alikuja Alhamisi tu. Kwa hiyo watu wetu wakamwita Nesi wa Alhamisi, na wengine sidhani kama walijua jina lake hadi mwisho.

Na mimi ni nani? Ni Zuhura, mzaliwa wa Tanga. Watanzania wenzangu huniita Bi Zuhura, Wakongo huniita Mama Zuhura, Sista aliniita Ma Zu, na wajukuu zangu waliozaliwa huku huniita Gogo, kisha nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kizulu. Nilikuja nikiwa fundi cherehani. Nimeshona Jeppestown mpaka macho yakagoma kutunga uzi. Wakati huo shirika moja dogo la kusaidia wahamiaji lilikuwa linatafuta mtu mwenye Kiswahili na Kiingereza awe anawasindikiza wagonjwa na kuwatafsiria. Macho yalikuwa yamechoka, lakini mdomo, alhamdulillahi, haujawahi kuchoka hata siku moja. Nikachukuliwa.

Mdomo huo ndio ulioniponza siku yangu ya kwanza kwa Sista. Mgonjwa alikuwa baba mmoja wa Lubumbashi. Tulikuwa tumekaa naye benchini asubuhi nzima, ameshanihadithia maisha yake yote tangu kubatizwa. Tulipoingia ndani Sista akamuuliza, "Unalala vizuri?" Nikajibu mimi: halali, anashtuka, anaota anakimbizwa. Sista akaweka kalamu chini.

"Ma Zu," akaniambia, "na wewe je, umelala vizuri?"

"Vizuri sana, Sista, namshukuru Mungu."

"Nimefurahi. Sasa naomba umuulize na yeye."

Basi nikajifunza. Mkalimani si wakili wa mgonjwa, hana haki ya kumjibia. Unachukua neno hapa unalitua pale, zima, bila kulipunja na bila kulipamba. Mwenzangu Bwana Ezekieli, Mrundi mpole kupita kiasi, yeye shida yake ilikuwa nyingine: mgonjwa akilia, naye analia. Analia huku anatafsiri, makamasi yanamtoka, mpaka mgonjwa mwenyewe ananyamaza na kuanza kumbembeleza. Sista akawa anaweka boksi la karatasi za kufutia machozi upande wa Ezekieli badala ya upande wa mgonjwa. Nilimcheka sana yule bwana. Nikiwa jikoni pale ofisini nilikuwa naigiza kilio chake, watu wanashika mbavu. Kumbukeni nilivyocheka, kwa sababu nitakuja kulipia.

Sasa niwape kisa cha Deo na mkwe wake, maana ndicho kilichonifundisha kazi hii kuliko vyote.

Deo alikuwa kijana wa Kikongo, kwao Bukavu, sekuriti wa usiku kwenye ghala moja pale Malvern. Mkewe, Neema, alisuka nywele Rosettenville. Walipanga chumba kimoja Jeppestown, kwenye jengo la zamani lililogawanywa vyumba vyumba kwa mbao, wao na mtoto wao mchanga. Kisha mama yake Neema, Mama Faida, akaletwa kutoka nyumbani. Vita vilikuwa vimemchukulia mtoto wake wa kiume, akabaki peke yake, na Neema asingeweza kula na kushiba huku mama yake yuko kule. Shida ya huyo mama ndiyo iliyomleta Deo ofisini kwetu. Alisimama mlangoni na sare yake ya kazi, kofia mkononi, akakataa kukaa.

"Mama Zuhura, mama ya bibi yangu iko nakufa," akasema. "Hakule. Halale. Haseme. Asubui tulimukuta katikati ya Jules, pale kwenye robot, kwa taa za barabara, motokari zinamupita uku na uku, yeye amesimama tu."

Nikamuuliza wamempeleka wapi mpaka sasa. Kanisani kwao walikuwa wameomba naye, na mchungaji wao, Mungu ambariki, ndiye aliyesema: sisi tutaendelea kuomba, lakini huyu mama mpelekeni pia kwa wanaojua ugonjwa. Hapo Deo akatoa kadi kwenye pochi, kaishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeonyesha picha ya harusi. Ilikuwa kadi ya bima aliyopewa na kampuni. Alikuwa amesikia kuwa Rosettenville kuna nesi wa akili wa kujitegemea, akaenda na kadi yake akiamini mlango utafunguka. Dada wa mapokezi alikuwa mstaarabu, akamkalisha, akapiga simu kwa watu wa bima, kisha akamweleza pole pole: kadi ile ilimtibu Deo mwenyewe tu, tena akiumia kazini.

"Sasa Mama, miye nivunjike muguu njo bamutunze mama mukwe?" akaniuliza. Nilicheka, na yeye akacheka, halafu macho yakamjaa machozi.

Wanangu, wengi watakuja kwenu na kadi za namna hiyo. Msiwacheke. Mtu amekatwa kwenye mshahara kwa ajili ya kadi ile, ndiyo heshima yake. Nilimwambia Deo airudishe pochini, kuna mahali hawaiulizi kabisa. Kliniki ya serikali haikudai bima, inakudai uvumilivu. Yeye alikuwa ameogopa kwenda kule kwa sababu mmoja alimwambia wageni wanafukuzwa, mwingine akamwambia nesi wa akili huja Jumanne, wa tatu akaapa kwamba hakuna nesi wa namna hiyo katika Johannesburg nzima. Mjini maneno ni mengi na kila mwenye neno ana hakika nalo. Nikampeleka mwenyewe getini kwa bibi wa magwinya. "Huyo?" bibi akasema huku anageuza maandazi yake. "Alhamisi. Gari dogo jeupe. Hapendi ya sukari." Deo akashukuru kama aliyepewa viza.

Alhamisi ilipofika nilikuwa nimepangiwa mgonjwa mwingine upande wa pili, hivyo Deo akaingia na mkwe wake na kutafsiri mwenyewe, kwa kuwa Kiingereza alikuwa nacho kizuri. Neema bosi wake hakumruhusu kutoka. Mama Faida hakutamka neno. Sista aliuliza yale ambayo nesi lazima aulize: usingizi, choo, damu ya mwezi ilikoma lini, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Deo alitafsiri yote, jasho linamtoka. Mama amejifunika kitenge kichwani, kimya. Sista akampima presha, akapiga simu kwa daktari anayeshirikiana naye, kisha akamwambia Deo ukweli bila kuuzungusha. Mtu asiyekula, asiyesema, anayesimama katikati ya barabara, hawezi kuachwa hivyo. Warudi Alhamisi ijayo, na katikati ya wiki wasimwache peke yake. Akionekana tena barabarani wamkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Na kama Alhamisi atakuwa bado hali na hasemi, itabidi alazwe hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali na mji, alishwe kwa mpira.

Neema aliposikia alinipigia simu kutoka saluni. Nilisikia mashine za kukausha nywele zinanguruma nyuma yake. "Mama Zuhura, bakimupeleka kule, hatakuwa na mutu wa kumusemesha hata moja. Atakufia mule."

Nikamwambia Alhamisi nitakuwepo mimi. Nilijiamini, wanangu. Nilisema moyoni, huyo mama hajapata mtu wa kumsemesha kwa Kiswahili chenye asali. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimewahi kumbembeleza mwenye nyumba wa Kireno asiongeze kodi.

Tukaingia. Chumba cha Sista kilikuwa kidogo: meza, viti vitatu, kitanda cha kupimia, kigoda cha kupandia kitandani. Mimi nikakaa karibu na Mama Faida, Deo akasimama mlangoni. Nikaanza. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikamuulizia nyumbani, nikamsifia kitenge, nikamtania kidogo, nikamsihi. Hakuna. Kila nilivyozidi kumimina asali ndivyo alivyozidi kuvuta kitenge mbele, mpaka nikawa nazungumza na maua ya kitenge. Nilianza kuingiwa na hasira, nayo hasira ikaja na woga, maana nilijua gari la hospitali linaweza kuitwa wakati wowote.

"Hataki, Sista," nikasema.

Sista hakuwa ananitazama mimi wala mgonjwa. Alikuwa anamtazama Deo. Deo alikuwa amegeuka ukutani kabisa, pua karibu igonge bango la kifua kikuu, analisoma kwa bidii ya mtu anayejiandaa na mtihani. Na bango lenyewe lilikuwa la Kisotho, lugha ambayo Deo hakujua hata salamu yake.

"Ma Zu," Sista akauliza, "huyu kijana ni nani wake hasa?"

"Mkwe wake. Nilidhani unajua. Amemuoa binti yake."

Sista akashika kichwa kwa mikono miwili. "Eish, Ma Zu," akasema. "Eish, eish, eish."

Kisha akanieleza kwa sauti ya chini. Kwao, KwaZulu, alipoolewa, alikaa miaka bila kumtazama baba mkwe wake usoni. Hakuweza kutoka bila kitambaa kichwani na kitu mabegani. Hata maneno yaliyofanana na jina la mzee yule hakuyatamka, alitafuta mengine ya kuzungukia. Na mama yake mzazi, akija mume wa binti, alikuwa anahamisha sahani yake akale jikoni. "Na mimi," akasema, "mtoto wa watu wa namna hiyo, nimemuuliza huyu mama habari za damu yake mbele ya mkwe wake. Tena kwa mdomo wa mkwe wake."

Kwetu pwani mkwe tunamstahi, lakini tunakunywa naye chai sebuleni na kumcheka akimwaga. Sikuwa nimeona kabisa. Na Deo na Neema, ambao walijua, walidhani Johannesburg imeshawasamehe. Walikuwa wametundika pazia katikati ya chumba wakaona yatosha.

Sista akainuka. "Kaka," akamwambia Deo, "gari langu liko nje na eneo hili silielewi elewi. Wewe si sekuriti? Nisaidie kulilinda." Wallahi sijaona mtu anatoka chumbani kwa furaha namna ile. Sista akafunga mlango, akageuza kiti cha Mama Faida kielekee dirishani. Akatoa skafu kwenye mkoba wake, akajifunika mabega. Halafu akakivuta kile kigoda akakaa chini, akawa mdogo kuliko mgonjwa wake. Hakuuliza kitu. Nami nikafunga mdomo wangu, jambo ambalo Sista baadaye alisema ndilo muujiza mkubwa wa siku ile.

Tukakaa. Kisha ikatoka sauti chini ya kitenge, nyembamba, yenye kukwaruza.

"Amefika wapi?"

"Nje kabisa, Mama. Anachunga gari."

"Hawezi ona huku?"

"Hawezi."

Mama Faida akateremsha kitenge. Alikuwa na uso mzuri, umekauka midomo. Akatutazama mmoja mmoja.

"Niko na njaa," akasema.

Nilipotafsiri, Sista akachukua lile gwinya lake lisilo la sukari alilonunua asubuhi, akampa kwa mikono miwili. Mama akala huku ametuelekezea mgongo kidogo, kwa adabu. Alipomaliza, ndipo akasema. Deo alikuwa anarudi kutoka kazini alfajiri na kulala mchana kutwa, Neema yuko saluni. "Ntakula namna gani, mukwe yuko nyuma ya rido, pazia ile tu? Atasikia natafuna. Nikilala, atasikia nakoroma. Ntavua nguo wapi?" Basi alfajiri, kabla Deo hajafika, alitoka ili mkwe wake aingie apumzike. Alitembea Jules mpaka maduka yafunguliwe, akarudi akakaa koridoni. Mwanzo Neema alimuuliza, naye akajibu, "Niko muzima." Angesema nini? Mama akilalamikia nyumba ya binti yake ni kama anaibomoa. Ikawa rahisi zaidi kunyamaza.

Lakini hayakuishia hapo, wanangu, msije mkadhani kila ugonjwa dawa yake ni andazi. Alisema pia kwamba mwanawe aliyekufa anamwita, anamsikia kabisa, hasa akiwa amechoka, hivyo hata usiku, Deo akiwa kazini, usingizi na chakula vilimkataa. Na kule barabarani, alisema, hakuwa amepotea njia. "Motokari ikikuja, nilikuwa nawaza: labda hii itanisaidiya."

Hapo ulimi ulinishika. Sista alijua kuna kitu nimekibakiza mdomoni. "Ma Zu," akasema, "vuta pumzi, kisha lete yote." Nikavuta, nikaleta yote. Siku ile ndiyo nilielewa kwa nini mkalimani hapunji neno. Kama ningelilainisha lile, ningemrudisha yule mama Jules Street kwa mkono wangu.

Sista aliuliza mengi mengine, bila haraka, foleni nje inanung'unika. Mwisho akaniambia maneno ambayo nayarudia mpaka leo: "Njaa ni njaa na ugonjwa ni ugonjwa. Huyu mama anavyo vyote viwili. Kimoja tutakitibu kwa chakula na chumba chenye mlango. Kingine kwa dawa na Alhamisi nyingi." Akampigia simu daktari, wakazungumza kwa muda. Daktari alikubali asilazwe, kwa sharti kwamba apate mahali pa kulala peke yake na mtu mzima wa kuwa naye saa zote kwa kipindi cha mwanzo.

Sista akanitazama. Mimi nikatazama dirisha. Halafu nikasikia mdomo wangu, ule ule, unasema: "Nyumbani kwangu kuna chumba cha nyuma. Kina cherehani tu."

Tulipotoka tulimkuta Deo amesimama wima kando ya lile gari jeupe kama analinda benki. Nilipomweleza, alikaa ukingoni mwa barabara akalia. Kumbe na yeye alikuwa anaomba zamu za ziada, siku za mapumziko anajibanza kwenye kibanda cha walinzi, ili asimlazimishe mkwe kulala naye chumba kimoja. "Nilizani ananichukia," akasema. "Nilisema, huyu mama hapendi hata kula chakula yangu." Wahenga walisema heshima si utumwa, na mimi naamini. Lakini hawa wawili walikuwa wameheshimiana mpaka karibu wauane, na kila mmoja alidhani kosa ni lake.

Mama Faida akahamia kwangu Malvern. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Dawa za mwanzo zilimkausha mdomo na kumfanya asinzie juu ya sahani. Kuna wiki alikataa kuzimeza, kuna usiku nililala nimeegemea mlango wake. Kila Alhamisi tulikwenda kwa Sista, naye alipunguza hiki, akabadilisha kile, akauliza habari za mwanawe aliyekufa, jina lake, alipenda kula nini. Taratibu yule kijana akapunguza kumwita. Mama akaanza kutwanga sombe, yale majani ya muhogo tunayoita kisamvu, uani kwangu asubuhi, majirani wakadhani tunavunja ukuta. Akanisahihisha mapishi yangu, eti pwani tunaharibu mboga kwa nazi. Nilipoanza kukasirikia mapishi nikajua mgonjwa wangu anapona.

Nasikia siku hizi wengi wenu mnatafsiri kwa simu, mmekaa ofisini na vidude masikioni. Sisemi ni vibaya. Zamani mgonjwa akikosa mkalimani, walimvuta yeyote mwenye rangi ya kwao kutoka koridoni. Simu ni afadhali mara mia. Ila simu haitakuonyesha mtu aliyegeukia ukuta. Kwa hiyo kabla hujatafsiri neno la kwanza, muulize nesi: nani yuko humo chumbani? Ni nani wa mgonjwa? Amekaa wapi, anatazama nini? Kama kuna mkwe, mtafutieni gari la kulinda.

Sasa nimalizie na Jumapili ile. Kwao Mama Faida, mkwe akitaka ule mwiko ulegezwe, analeta zawadi kwa mama mkwe mbele ya wazee wa pande mbili. Mama akiipokea na akala mbele yake, basi, siku hiyo wanaweza kukaa chumba kimoja kama watu. Wazee wao walikuwa mbali, wengine makaburini. Mama Faida akasema mzee wa upande wake nitakuwa mimi. Deo akahangaika kutafuta wa upande wake, hana mjomba, hana shangazi. Mwisho akaenda kliniki, akapanga foleni na wagonjwa, zamu yake ilipofika akamwomba Sista Thandeka awe mzee wa kwao.

Na alikuja. Alikuja Malvern siku yake ya mapumziko, amevaa ile kofia pana nyekundu ya wanawake wa Kizulu walioolewa, skafu mabegani, kabeba kuku hai wa Deo kwapani kama aliyezaliwa Bukavu. Alitoa hotuba ndefu ya kumsifia kijana wake. Mimi kwa upande wangu nikaringa kama inavyotakiwa, nikauliza kama kuku huyo hana homa, Neema akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Deo akaweka kitenge kipya mezani kwa mikono miwili, bila kuinua macho. Mama Faida akakikunjua, akakitazama mbele na nyuma, akajitanda.

Tukapakua ugali na sombe. Deo alikaa kwenye kona ya mbali kabisa, sahani magotini, hajagusa kitu. Mama Faida alikuwa ametupa mgongo, anaelekea dirishani kama siku ile kliniki. Nilimwona anamega tonge, analichovya, analitia mdomoni, anatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu. Alipomeza, alishika kiti chake, akakigeuza, akamtazama mume wa binti yake usoni.

"Deo," akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitaja jina hilo. "Mutoto wangu. Kula. Umekonda sana."

Sista akanigeukia, kama alivyozoea, akingoja tafsiri yake. Nikafungua mdomo. Wanangu, mdomo huu mnaoujua, wa Tanga, haukutoa kitu. Machozi yalinishuka mpaka kidevuni, makamasi na yote, kama Ezekieli kabisa. Sista akafungua mkoba wake, akatoa karatasi za kufutia machozi, akaziweka upande wangu.

"Acha, Ma Zu," akasema. "Hiyo nimeelewa."

Na Deo akanawa mikono, akala.